Alan Blumlein: Jamaa Aliyekupa Sauti ya Stirio, Kisha Kifo Chake Kikafichwa

Kama uko na wufa kwa keja, iwe ni Makutano pale Meru ama Majimbo kule Embu, kuna msee unafaa kumjua. Anaitwa Alan Blumlein. Alizaliwa London mwaka wa 1903, na mathake alikuwa binti ya mmishonari aliyefanya kazi Afrika Kusini.

Kusoma kulimchelewa akiwa mtoi, lakini mambo ya stima aliyashika mapema. Akaishia kuwa injinia wa EMI.

Sasa skia. Hizo siku, muvi zilikuwa na njia moja tu ya sauti. Inasemekana alienda sinema na msichana aliyekuja kuwa bibi yake, akaona mwigizaji anavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, lakini sauti imekwama pale pale. Ikamkera. Desemba 1931 akapeleka maombi ya kusajili uvumbuzi wa sauti ya njia mbili, ile leo tunaita stirio.

Alikuwa ameelewa vile masikio yako hufanya kazi. Sauti nyembamba unajua imetoka wapi kwa sababu sikio moja linaipata kwa nguvu kuliko lingine. Sauti nzito, masikio yanapima ni gani limefikiwa kwanza. Na besi ikishuka chini ya kama hezi 80, ni ngumu kujua inatoka kona gani. Ndio maana spika zote kwa nyumba zinaweza kutumia wufa moja.

Hapo ndipo wengi wenu huchomea. Uko na vispika vidogo, lakini risiva umeiambia ni vikubwa. Inavitumia besi yenye haviwezi, na wufa imekaa tu. Rudisha setingi iseme ni vidogo, weka mpaka kwa hezi 80. Besi bado imepotea? Cheki waya. Ukigeuza nyekundu na nyeusi kwa spika moja, hiyo inavuta hewa wakati ingine inasukuma, na besi inakufa. Fanya hivyo kabla ulipe fundi.

Tukirudi kwa Blumlein: vita vikuu vya pili vilipokuja, alifanya kazi kwa mradi wa siri wa rada, ya kusaidia ndege kuona ardhi usiku. Tarehe 7 Juni 1942 alikuwa ndani ya ndege ya Halifax wakijaribu hiyo mashine. Injini ikashika moto, ndege ikaanguka Herefordshire. Wote 11 walikufa. Chanzo kilikuwa nati moja ya injini, haikukazwa vizuri.

Alikuwa na miaka 38, mke, vijana wawili, na uvumbuzi 128 uliosajiliwa. Serikali ya Uingereza ikanyamazia hiyo stori, Wajerumani wasijue wamempoteza nani.

Rekodi za stirio zilifika madukani kwa wingi mwaka wa 1958. Grammy ilimpa heshima yake 2017, miaka 75 baada ya kufa. Wikendi hii wasee wakikuja kwako kuona muvi, watajie jina lake kabla ubonyeze kuanza.