Abdus Salam: Mwanafizikia Aliyewajengea Upweke Mlango wa Kutokea

Wakazi wa Bungoma na Kitale, miji iliyo chini ya Mlima Elgon, wanaifahamu vyema radi. Mwale ule unaopasua anga wakati wa mvua za alasiri ni hewa iliyopata joto kali mno hata atomu zake zikapoteza elektroni. Maada iliyo katika hali hiyo huitwa plazma. Jua nalo ni plazma, na ndani yake viini vyepesi vya haidrojeni huungana na kutoa nishati inayoiotesha mihindi ya Trans Nzoia na miwa ya Bungoma. Kwa zaidi ya miaka 70 wanasayansi wamejitahidi kuiiga kazi hiyo ya jua hapa duniani. Juhudi hizo zilihitaji mataifa hasimu yaketi pamoja, na miongoni mwa walioyaketisha alikuwamo Profesa Abdus Salam.

Salam alizaliwa tarehe 29 Januari 1926 katika jimbo la Punjab, wakati huo likiwa chini ya utawala wa Waingereza. Alilelewa Jhang, mji wa wakulima ambao leo umo nchini Pakistan. Baba yake alikuwa mtumishi wa idara ya elimu. Akiwa na umri wa miaka 14, Salam aliongoza mtihani wa kuhitimu masomo ya sekondari kwa alama ambazo hazijapata kufikiwa na mtahiniwa yeyote wa Punjab kabla yake. Alisoma Lahore, kisha mwaka 1946 akapata ufadhili wa kwenda Chuo cha St John's, Cambridge, ambako alitia fora katika hisabati na fizikia.

Mwaka 1951 alirejea nyumbani awe profesa wa hisabati mjini Lahore. Nia yake ilikuwa kuanzisha kitovu cha utafiti, lakini mazingira hayakumruhusu. Majarida ya kisayansi yalikuwa haba na hapakuwa na mwenzake wa kujadiliana naye fizikia ya kisasa. Aidha, chuoni alikabidhiwa timu ya kandanda aisimamie, kazi isiyohusiana na taaluma yake. Mwaka 1953 zikazuka ghasia dhidi ya Waahmadiyya, jamaa ya kidini aliyozaliwa ndani yake. Ilimbidi achague kati ya nchi yake na fizikia, maana kubaki kulimaanisha kuiacha taaluma ife. Mwaka 1954 alirudi Cambridge, na kuanzia 1957 akawa profesa katika Chuo cha Imperial, London.

Uchungu wa kuondoka haukumtoka. Alitambua kuwa mwanasayansi wa nchi maskini hakosi akili, bali hukosa wenzake, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1960, katika mkutano wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki mjini Vienna, alipendekeza kiundwe kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia. Wajumbe wa baadhi ya mataifa tajiri waliuona mpango huo kuwa anasa isiyowafaa wenye njaa. Salam hakurudi nyuma. Mwaka 1964 kituo kilifunguliwa Trieste, bandari ya Italia iliyokuwa jirani na mpaka wa Yugoslavia. Salam alikiongoza hadi mwaka 1993.

Shughuli ya kwanza ya kituo hicho haikuhusu chembe za msingi alizozichunguza Salam mwenyewe, bali plazma. Mnamo Oktoba 1964 iliandaliwa semina iliyoongozwa na Boris Kadomtsev wa Muungano wa Kisovieti, Marshall Rosenbluth wa Marekani na W. B. Thompson kutoka Uingereza. Ikumbukwe kwamba utafiti wa muunganiko wa viini ulikuwa siri ya serikali hadi ulipoanza kuwekwa wazi mwaka 1958, na Vita Baridi vilikuwa vingali vimepamba moto. Hata hivyo, kati ya 1965 na 1966 Rosenbluth na wenzake wa Magharibi walifanya kazi Trieste bega kwa bega na Roald Sagdeev na Alec Galeev wa upande wa Kisovieti.

Tatizo lililowakutanisha lilikuwa uhamaji wa joto na chembe ndani ya plazma. Hakuna chungu kinachoweza kuihifadhi plazma ya mamilioni ya nyuzi joto, hivyo huzuiwa kwa uga wa sumaku ndani ya chombo chenye umbo la tairi, kiitwacho tokamaki. Hata hivyo, joto huvuja. Baadhi ya chembe hunaswa upande wa nje, ambako uga wa sumaku ni hafifu, zikawa zinakwenda na kurudi bila kukamilisha mzunguko. Umbo la njia yake hufanana na ndizi, na wanafizikia kote duniani huiita kwa jina hilo. Chembe hizo zinapogongana na nyingine huruka hatua ndefu kuelekea nje, na joto hupotea upesi kuliko ilivyodhaniwa. Muda mfupi baada ya kukaa Trieste, Galeev na Sagdeev walichapisha nadharia ya uhamaji huo, ambayo hadi leo ni msingi wa somo hili. Majaribio yameonyesha kuwa misukosuko ya plazma yenyewe huvujisha joto zaidi ya hapo, na suala hilo lingali likitafitiwa.

Mazoea ya kushirikiana yalizaa matunda. Mwaka 1969 wataalamu wa Uingereza walikwenda Moscow na vifaa vyao wakapima joto la tokamaki ya Kisovieti ya T-3, wakathibitisha kuwa matokeo yaliyotangazwa na wenyeji wao yalikuwa ya kweli. Leo mtambo mkubwa wa ITER unajengwa kusini mwa Ufaransa, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2006 na Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, China, Japani, India na Korea Kusini.

Salam alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Aliipokea akiwa amevaa kilemba na mavazi ya kwao. Lakini nchi aliyoienzi ilikuwa imekwisha kumjeruhi. Mwaka 1974 bunge la Pakistan lilipitisha kuwa Waahmadiyya si Waislamu, naye akajiuzulu wadhifa wa mshauri wa Rais kuhusu sayansi. Pamoja na hayo, hakuukana uraia wake. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah, Pakistan. Baadaye neno linalomtaja kuwa Mwislamu lilifutwa kwenye jiwe la kaburi lake.

Afrika Mashariki nayo ilinufaika. Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chuo cha Sayansi cha Ulimwengu wa Tatu, alichokianzisha Salam mwaka 1983. Katika mkutano wa chuo hicho huko Trieste mwaka 1985 ndipo lilipozaliwa wazo la Chuo cha Sayansi cha Afrika, chenye makao yake Nairobi na ambacho Odhiambo alikuwa rais wake wa kwanza. Mwaka 2018 kituo cha Trieste kilipata tawi Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda.

Chuo Kikuu cha Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, kilipata hati yake mwaka 2015. Kijana anayesoma fizikia huko, au mwalimu wa somo hilo katika shule ya Kitale, angali anaweza kukutwa na upweke uliomwondoa Salam Lahore. Tofauti ni kwamba sasa upo mlango wa kutokea na kurudi nao nyumbani. Salam alikifungulia kituo chake utaratibu wa washirika: mtafiti wa nchi maskini huja Trieste kwa wiki au miezi michache, akajadiliana na wenzake, kisha akarejea kufundisha kwao, na kuja tena. Yeye mwenyewe hakubahatika kurejea kwa namna hiyo. Aliyoyakosa akiwa kijana ndiyo aliyotumia maisha yake kuwapatia wengine.