Alan Turing na Dawa ya Mahakama

Bingwa wa hisabati Alan Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya Waingereza huko Bara Hindi. Makala yake ya mwaka 1936 ni mojawapo ya misingi ya elimu ya kompyuta, na wakati wa Vita Kuu vya Pili alikuwa miongoni mwa waliofumbua maandishi ya siri ya Wajerumani.

Mwaka 1952 wezi walivunja nyumba yake karibu na Manchester. Akaenda mwenyewe polisi. Katika kuhojiwa akakiri kuwa na uhusiano na mwanamume mwenzake, jambo ambalo sheria ya Uingereza ya mwaka 1885 ililihesabu kuwa jinai. Sisi Waislamu twajua msimamo wa dini yetu juu ya tendo hilo, wala si makusudio yetu hapa kuujadili. Neno letu ni juu ya dawa.

Mahakama ilimpa hiari: jela, ama kuachiliwa chini ya uangalizi kwa sharti atiwe homoni ya kike mwaka mzima. (Hiari gani hiyo, kwa mtu mwenye kazi yake chuo kikuu?) Akachagua dawa. Nguvu za kiume zikamtoka, akaota matiti. Alinyang'anywa pia ruhusa ya kufanya kazi za siri za serikali.

Dawa za kuzima matamanio zatumika hata leo. Mwaka 1996 jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwadunga wenye kunajisi watoto wa chini ya miaka 13. Hapo pana mtoto aliyedhulumiwa, na haki yake ya kulindwa haina ubishi. Lakini dawa hiyo hupunguza homoni ya kiume kwa muda inapotumiwa tu. Ikiachwa, shauku hurudi. Yaweza kudhoofisha mifupa. Wala haiondoi hasira, ulevi, au fikira mbovu alizonazo mtu juu ya watoto, ndiyo sababu matabibu huiambatanisha na ushauri wa muda mrefu. Hakimu peke yake hawezi kuandika tiba hiyo.

Turing alimaliza dawa zake mwaka 1953. Tarehe 7 Juni, 1954 alikufa kwa sumu ya sayanidi, umri wake miaka 41. Uchunguzi uliamua kuwa alijiua. Mama yake alishikilia kuwa ni ajali. Serikali iliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa kifalme ukatolewa mwaka 2013. Bibi huyo alikuwa amekwisha fariki tangu mwaka 1976.