Scipione Borghese

Scipione Borghese (11 Februari 1871 – 1927) alikuwa kabaila, mwanasiasa, msafiri na mpanda milima kutoka nchini Italia. Anajulikana hasa kwa kuongoza kundi la watu watatu lililoshinda mbio za magari kutoka Peking (leo Beijing), China, hadi Paris, Ufaransa, mwaka 1907. Wenzake katika gari walikuwa fundi Ettore Guizzardi na mwandishi wa habari Luigi Barzini.

Maisha ya awali

Borghese alizaliwa huko Migliarino, karibu na mji wa Pisa. Alikuwa wa ukoo maarufu wa Roma ambao ndiyo uliomtoa Papa Paulo V katika karne ya 17. Baba yake, Paolo Borghese, alipoteza sehemu kubwa ya mali ya ukoo wakati biashara ya majengo ilipoporomoka mjini Roma miaka ya mwisho ya karne ya 19.

Mwaka 1895 alimwoa Anna Maria de Ferrari. Alipenda safari ndefu na ngumu. Mwaka 1900 alipanda milima ya Tian Shan katika Asia ya Kati pamoja na Mswisi Matthias Zurbriggen, mmoja wa viongozi hodari wa wapanda milima wa wakati ule. Mwaka 1904 alichaguliwa kuwa mbunge wa chama cha Radical, akabaki bungeni hadi mwaka 1913.

Maandalizi ya mbio

Tarehe 31 Januari 1907 gazeti la Le Matin la Paris liliuliza kama kuna mtu atakayethubutu kusafiri kwa gari kati ya Paris na Peking. Gari lilikuwa bado chombo kipya, na wengi hawakuamini kwamba lingeweza kufika mbali hivyo. Iliamuliwa safari ianzie Peking ili kuwahi kabla ya majira ya mvua nchini China. Zawadi ya mshindi ilikuwa chupa kubwa ya shampeni.

Borghese alichagua gari la Itala lililotengenezwa Torino, lenye injini ya silinda 4 na ujazo wa lita zaidi ya 7. Alituma petroli na vipuri mapema katika vituo vya njiani. Shehena ya kuvuka jangwa ilibebwa na ngamia. Kabla ya mbio alipanda farasi kwenda kukagua njia za milimani kaskazini ya Peking, akiwa na ufito wa urefu sawa na upana wa gari ili ajue wapi litapita na wapi halitapita.

Kundi la watu watatu

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Borghese alipanga njia, akashughulikia vibali na viongozi wa kila nchi, na kupokezana usukani na Guizzardi. Guizzardi alikuwa mtoto wa dereva wa garimoshi. Baba yake alikufa katika ajali ya reli karibu na nyumba ya akina Borghese. Kijana huyo aliyeumia alitunzwa humo, kisha akasomea ufundi na kubaki katika utumishi wa familia hiyo. Matengenezo yote ya gari yalikuwa juu yake. Barzini aliandikia gazeti la Corriere della Sera la Milano na kutuma habari kwa telegramu kutoka kila kituo kilichowezekana.

Safari

Tarehe 10 Juni 1907 magari 5 yaliondoka Peking: Itala, De Dion-Bouton mawili, Spyker kutoka Uholanzi, na Contal dogo lenye magurudumu matatu. Milimani hapakuwa na barabara ya gari, hivyo Itala ilivutwa kwa kamba na wapagazi na wanyama. Katika Jangwa la Gobi gari la Contal liliishiwa petroli. Dereva wake, Auguste Pons, na mwenzake walikaribia kufa kwa kiu kabla ya kuokolewa na wenyeji.

Itala ilitangulia kupitia Urga (leo Ulaanbaatar) hadi Siberia. Karibu na Ziwa Baikal barabara ya zamani ilikuwa imeachwa tangu reli ilipojengwa, na madaraja yake yalikuwa yameoza. Daraja moja lilivunjika na gari likatumbukia pamoja na watu wote watatu. Waliokoka, na wafanyakazi wa reli wakasaidia kulinyanyua. Borghese aliomba ruhusa, na kwa sehemu ya njia gari lilipita juu ya mataruma ya reli. Baadaye gurudumu moja la mbao lilivunjika kabisa, likaundwa upya na seremala wa Kirusi kwa shoka lake.

Baada ya Moscow walikwenda hadi Saint Petersburg, kisha Berlin. Walifika Paris tarehe 10 Agosti, miezi miwili kamili baada ya kuondoka, wakiwa wamesafiri karibu kilomita 15,000. De Dion-Bouton mawili na Spyker yalifika tarehe 30 Agosti, siku 20 baadaye.

Miaka ya mwisho na kumbukumbu

Anna Maria alifariki mwaka 1924, na Borghese mwenyewe alifariki mjini Firenze mwaka 1927.

Kitabu cha Barzini kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1908 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Mara nyingi ushindi umetajwa kwa jina la Borghese peke yake. Hata hivyo, maandalizi yake yasingetosha bila mikono ya Guizzardi, na bila kalamu ya Barzini habari za safari zisingejulikana kwa kina hivyo. Gari la Itala limehifadhiwa katika makumbusho ya magari mjini Torino. Tangu mwaka 1997 mashindano ya magari ya zamani kutoka Beijing hadi Paris yamefanyika tena mara kadhaa, na humo pia washiriki hugawana kazi ya usukani, ramani na ufundi.