Betty Friedan: Aliyefichua dhiki ya mke wa nyumbani Marekani

BETTY Friedan alizaliwa Februari 4, 1921 mjini Peoria, jimbo la Illinois. Mamake alikuwa ameiacha kazi ya gazeti alipoolewa na mwuza vito, na uchungu wa kuiacha haukumtoka. Binti aliuona tangu utotoni.

Hata hivyo, alikaribia kuzifuata nyayo zizo hizo. Baada ya kuhitimu katika Chuo cha Smith mwaka wa 1942 na kusomea saikolojia mwaka mmoja Berkeley, aliukataa ufadhili wa kuendelea na masomo. Akawa mwanahabari wa magazeti ya wafanyakazi. Mnamo 1947 aliolewa na Carl Friedan, wakajaliwa watoto watatu. Alipopata mimba ya pili, kazi ikamponyoka.

Enzi hizo, wanawake waliojaza viwanda wakati wa Vita Vikuu vya Pili walikuwa wamerudishwa jikoni. Takriban nusu ya wasichana waliolewa kabla ya kupita umri wa miaka 20 hivi. Majarida na matangazo ya biashara yaliwahubiria kwamba nyumba nadhifu kitongojini, mashine ya kufulia na watoto ndiyo kilele cha matumaini ya mwanamke.

Mwaka wa 1957 Friedan aliwatumia maswali wanawake aliosoma nao Smith. Majibu yalimshtua: wengi hawakupungukiwa na kitu, ila walihisi utupu wasioweza kuutaja. Majarida ya wanawake hayakutaka kuichapisha makala yake jinsi alivyoiandika, naye akaigeuza kuwa kitabu, The Feminine Mystique, kilichotoka 1963 na kuuzwa kwa mamilioni.

Kitabu hicho kilikuwa na kasoro, tena kubwa. Kiliwazungumzia wake wa Kizungu wenye elimu na uwezo, ilhali wanawake weusi walikuwa wamefanya kazi miaka mingi katika jikoni za wengine bila ya kuulizwa kama wanapenda. Aidha, Friedan alijionyesha kama mke wa nyumbani tu, akaigusia kwa uchache mno miaka yake kwenye harakati za wafanyakazi.

Mnamo 1966 alishiriki kuasisi shirika la kutetea wanawake la NOW, akawa rais wake wa kwanza. Ndoa yake ilivunjika 1969. Mwaka uliofuata, Agosti 26, aliongoza maelfu ya wanawake kuandamana New York kudai usawa kazini na vituo vya kulelea watoto, miaka 50 baada ya kupata haki ya kupiga kura.

Alifariki jijini Washington mwaka wa 2006, siku aliyotimiza miaka 85.