Grzimek: Aliyemzika mwanawe Ngorongoro, naye akaja kulala kando yake

NI vigumu kuizungumzia Serengeti bila kulitaja jina la marehemu Dk. Bernhard Grzimek, daktari wa wanyama kutoka Ujerumani ambaye majivu yake yalizikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, kando ya kaburi la mwanawe.

Msafiri anayetoka Mwanza na kupita Buzuruga kuelekea Musoma hulikuta njiani Lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti. Upande huo ndiko uliko Mto Grumeti, ambamo mamba wakubwa huwavizia nyumbu wanaohama kila mwaka. Safari za nyumbu hao ndizo zilizomleta Grzimek nchini.

Alizaliwa Aprili 24, 1909 mjini Neisse, ambao leo ni Nysa, Poland. Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt iliyokuwa imeharibiwa na vita, akaiongoza hadi 1974.

Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipokusudia kubadili mipaka ya Serengeti, yeye na mwanawe Michael walijifunza urubani, wakaja na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Mwaka 1958 waliwahesabu wanyama kutoka angani na kukadiria nyumbu wapatao 100,000. Walionya kuwa mipaka iliyopendekezwa haikufuata njia za wanyama hao.

Januari 10, 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka. Michael alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka huohuo Ngorongoro ilitengwa na hifadhi.

Baba aliyempoteza mwana na kushindwa hoja hakurudi nyuma. Filamu waliyoianza pamoja ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na kupitia televisheni aliwachangisha Wajerumani fedha kwa ajili ya hifadhi za Afrika.

Kwa wakazi wa Ziwa Victoria, alama yake iko Rubondo, kisiwa chenye mamba wengi. Kati ya 1966 na 1969, shirika la Frankfurt alilokuwa akiliongoza lilipeleka huko sokwe mtu 17 kutoka Ulaya, wakazoea tena maisha ya porini na kuzaana. Rubondo ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977.

Hata hivyo, sifa hizo zina upande wa pili. Grzimek aliamini kuwa hifadhi haipaswi kukaliwa na watu, hata wenyeji wake. Wamasai waliondolewa Serengeti, na wavuvi wakahamishwa Rubondo. Gharama hiyo hawakuilipa watazamaji wa Frankfurt.

Alifariki Machi 13, 1987 mjini Frankfurt, akitazama sarakasi pamoja na watoto. Leo nyumbu wa Serengeti wanazidi milioni moja, ongezeko lililotokana kwa kiasi kikubwa na kudhibitiwa kwa ugonjwa wa sotoka.

Mwaka 2022 baadhi ya kaya za Ngorongoro zilianza kuhamia Msomera, Handeni, huku wengine wakipinga. Kaburi la baba na mwana limo katika ardhi hiyohiyo, ambako swali la nani aishi pamoja na wanyama bado halijapata jawabu.