Maisha ya Gert Fredriksson, Mpiga Kafi wa Uswidi

Wengi wenu mwajua mtumbwi na kafi. Leo twataka kuwasimulia habari za mtu aliyewashinda watu wa mataifa yote akiwa peke yake chomboni, na ambaye ushindi wake wa mwisho wa Olimpiki aliupata pamoja na mwenzake.

Gert Fredriksson alizaliwa tarehe 21 Novemba 1919 katika mji wa Nyköping, nchi ya Uswidi. Alipokuwa kijana wa miaka 17 ndipo alipoanza mchezo wa kayaki. Kayaki ni chombo chembamba, chepesi, kilichofunikwa juu. Mpigaji huketi ameelekea mbele, na kafi lake lina bapa ncha zote mbili, naye hupiga kuume na kushoto kwa zamu. Chombo hicho hupinduka upesi, basi nguvu pasipo utulivu hazifai kitu.

Vita vikaja, na Michezo ya Olimpiki ya 1940 na 1944 haikufanyika. Miaka ile ya ujana wake ikapita bila mashindano hayo. Michezo ilipofanyika London mwaka 1948, naye alikuwa amekwisha kutimiza miaka 28. Wapiga kafi walishindana Henley, katika mto Thames. Katika mbio za meta 1,000 alimtangulia wa pili kwa sekunde 6.7, na katika meta 10,000, safari ya dakika 50 na zaidi, alimwacha wa pili nyuma sekunde 30.5. Akarudi kwao na nishani mbili za dhahabu, wala hakuiacha kazi yake ya zimamoto mjini Nyköping.

Mwaka 1952 huko Helsinki alishinda tena meta 1,000, lakini katika meta 10,000 alishindwa na Thorvald Strömberg wa Ufini, akapata nishani ya fedha. Wengine wangalidhani siku zake zimekwisha. Mwaka 1956 alikwenda Australia, na katika ziwa Wendouree, mjini Ballarat, alishinda mbio zote mbili, fupi na ndefu. Alikuwa na miaka 37.

Basi twafika mwaka 1960, nchini Italia, katika ziwa Albano karibu na Roma. Fredriksson alikuwa na miaka 40, na zile mbio ndefu zilikuwa zimeondolewa katika Olimpiki. Katika meta 1,000, mbio alizozishinda mara tatu mfululizo, Erik Hansen wa Denmark alikuwa wa kwanza, naye Fredriksson akawa wa tatu. Lakini katika michezo hiyo hiyo aliketi pia katika kayaki ya watu wawili pamoja na Sven-Olov Sjödelius, kijana wa miaka 27. Katika chombo hicho makafi mawili hayana budi kuingia majini kwa pamoja; mmoja akijipigia apendavyo, wote wawili huchelewa. Nao wakashinda, wakapewa dhahabu.

Hivyo jumla ya nishani zake za Olimpiki ikawa nane: sita za dhahabu, moja ya fedha na moja ya shaba. Hata baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024, hakuna mwanamume mpiga kayaki aliyemfikia kwa dhahabu. Baadaye aliwafundisha wapiga kafi wa Uswidi, na mwaka 1964 huko Tokyo Sjödelius alishinda tena, safari hii pamoja na Gunnar Utterberg. Fredriksson alifariki mjini kwao Nyköping tarehe 5 Julai 2006, mwenye miaka 86.

Twaona ya kuwa wako wengi wajuao kushinda, lakini wachache wajuao kuzeeka katika kazi yao. Mzee aliyezoea kutangulia huona vigumu kulinganisha kafi lake na la kijana. Fredriksson aliweza, wala heshima yake haikupungua. Sisi nasi tulio wazee wa kazi, tulikumbuke jambo hilo siku tutakapopewa mwenzi aliye mdogo kwetu.