Mtakatifu Augustino na Rafiki Yake wa Utotoni

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Utotoni alicheza na kusoma pamoja na mwenzake mmoja wa rika lake, kisha akaenda Kartago kwa masomo. Aliporudi kwao kufundisha, wakakutana tena, wakapendana kuliko zamani. Lakini Augustino alikuwa amefuata mafundisho ya uongo ya Mani, akamvuta rafiki yake naye ayafuate.

Basi kijana yule akashikwa na homa kali, akabatizwa hali hana fahamu. Alipopata nafuu, Augustino akaufanyia mzaha ubatizo ule, akidhani watacheka pamoja. Mgonjwa akamtazama kama adui, akamwonya aache maneno hayo kama ataka kuwa rafiki yake. Augustino akanyamaza, akingoja apone kwanza. Siku chache baadaye, Augustino hayupo, homa ikarudi, kijana akafa.

Kila mahali walipopita pamoja pakawa uchungu kwake, akahamia Kartago. Naye alibatizwa mwaka 387 mjini Milano, akawa Askofu wa Hippo hata alipofariki mwaka 430. Katika kitabu chake cha Maungamo hakuuficha mzaha ule. Rafiki wa kweli si yule achekaye nasi katika kila jambo.